Kutoka Dodoma na Watoto: Mwongozo wa Kuiona Dunia Bila Kuuza Kiwanja

Watu wakisikia kwamba familia ya watu sita kutoka Nkuhungu, Dodoma, imefika Nairobi, Kigali, Cape Town na Berlin, swali lao huwa ni moja: mliuza kiwanja gani? Hatukuuza. Tuna nusu ekari ya zabibu Hombolo, na mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza ni ada na sare za shule. Mavuno ya pili yanaingia kwenye kibubu cha safari, na mtu haruhusiwi kukigusa hata gari likikatika springi. Kuna miaka tulisafiri, na kuna miaka tulibaki tukiangalia picha za mwaka uliopita.

Sisi ni mimi, baba watoto, watoto watatu, na bibi yao, yaani mama mkwe wangu, ambaye alisema wazi kwamba hatabaki Mvumi kulinda mbuzi wakati wajukuu wanapanda ndege. Mwongozo huu nimeuandika kwa familia kama hii, inayoanzia Dodoma, Singida, Manyoni au Kondoa. Maelekezo mengi unayoyasikia hutolewa na watu wa Dar, ambao ubalozi kwao ni nauli ya bajaji. Kwako wewe kila foleni ina kilomita 450 mbele yake, na hilo lazima liingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Anza na majina, nauli itafuata

Kabla hujauliza bei ya tiketi, toa vyeti vyote vya kuzaliwa, vitambulisho vya Taifa na cheti cha ndoa, vipange mezani, kisha usome majina herufi kwa herufi. Sisi tulifanya kosa la kuyasoma kwa mazoea. Cheti cha mtoto wa kwanza kilikuwa na babu aitwaye Yohana, cha mtoto wa pili kikawa na Johana. Babu ni yule yule, na kanisani anaitikia yote mawili. Lakini herufi moja ilitula miezi miwili ya kwenda na kurudi, kiapo cha majina kwa wakili, na maombi ya kusahihisha cheti.

Angalia hasa haya: mpangilio wa majina matatu, herufi zinazobadilishana (Y na J, L na R, Z na S), jina la ubini lililorukwa, na tarehe ya kuzaliwa. Kama mtoto bado ana tangazo la kizazi tu, au cheti cha zamani kilichofifia, shughulikia kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Maombi siku hizi yanaanzia mtandaoni, na ofisi ya mkuu wa wilaya husaidia kwa mtoto aliyezaliwa wilayani humo. Bibi alikuwa mtihani peke yake, maana alizaliwa nyumbani, na mwaka wake ulikuwa ukihesabiwa kwa njaa. Mzee wa namna hiyo ndiye wa kuanza naye, kwa kuwa makaratasi yake huchukua muda kuliko ya wengine wote.

Jambo jingine ambalo kwetu ni la kawaida lakini ugenini linaleta maswali: mke na mume kuwa na majina ya mwisho tofauti, na mtoto kubeba jina la babu. Ofisa wa nchi nyingine anaona mwanamke mwenye jina moja ameshika mtoto mwenye jina jingine, na anaanza kuuliza. Tembea na vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto kwenye begi la mkononi, pamoja na nakala. Mzazi mmoja akibaki nyumbani, mwenzake asafiri na barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili, yenye namba za pasi na tarehe za safari.

Pasi

Hapa Dodoma tuna bahati: makao makuu ya Uhamiaji yako hapa hapa, na ofisi ya mkoa ipo. Tangu mwaka 2018 pasi ni ya kielektroniki. Fomu inajazwa mtandaoni, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, unachapisha fomu pale steshenari, halafu mnakwenda ofisini na viambatisho. Ada ya pasi ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Familia ya watu sita ni 900,000 kabla hujatoka nje ya geti lako. Ndiyo maana sisi tulizichukua kwa awamu, wawili wawili.

Utahitaji cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi wake, kitambulisho cha Taifa (mtoto anatumia cha mzazi), picha, na kwa aliye chini ya miaka 18 barua ya ridhaa ya wazazi. Mtoto lazima aende mwenyewe. Usimpeleke mchana wa jua la Dodoma akiwa hajala. Wa kwetu wa mwisho alipigwa picha akiwa amenuna, na uso huo tumeutembeza nchi nne.

Kama ni mtumishi wa umma, na nusu ya Dodoma ni watumishi, omba likizo na kibali cha kwenda nje mapema. Barua hiyo ya likizo utaihitaji tena kwenye viza, kwa hiyo omba nakala iliyogongwa muhuri.

Kadi mbili za njano

Kuna vitu viwili vinavyoitwa kadi ya njano, na nimeshuhudia mtu mpakani akitoa moja anapoombwa nyingine. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ifanyike angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa imeisha kwa sababu imepita miaka kumi. Mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi. Uliza hospitali ya mkoa ni kituo gani kinachochanja wasafiri. Kadi za kununua mitaani bila kuchanjwa achana nazo, na hasa usimfanyie hivyo mtoto.

Ya pili ni bima ya gari ya Comesa, inayotumika ukivuka mpaka na gari lako. Inatolewa na kampuni ya bima uliyokatia bima ya kawaida. Ukiwa na gari, beba pia kadi halisi ya gari. Kama kadi imeshikiliwa na benki kwa mkopo, pata barua yao ya kuruhusu gari kutoka nje ya nchi.

Ngazi ya kwanza: Nairobi kwa barabara

Usianze na Ulaya. Hata kama hela ipo, usianze na Ulaya. Familia inajifunza kusafiri kama mtoto anavyojifunza baiskeli, na ni afadhali kuangukia Namanga kuliko Frankfurt. Isitoshe, pasi yenye mihuri ya kwenda na kurudi kwa wakati ni ushahidi mzuri siku utakapoomba viza ngumu.

Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Mtanzania haombi viza. Kwa Nairobi, barabara ni ile ya Kondoa, ambayo lami ilipokamilika hadi Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Ondokeni alfajiri. Kondoa ni kama kilomita 160, na mbele yake kidogo kuna Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Simameni hapo. Kupanda mlimani kunamaliza nguvu za watoto, na mtoto aliyechoka ni abiria mwema. Kisha Babati, Arusha, mlale. Kesho yake Namanga iko kilomita 110 hivi, na Nairobi kama 165 zaidi.

Namanga ni kituo cha pamoja: mnakwenda jengo la upande wa nchi mnayoingia, na hapo hapo mnagongwa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Kosa la kwanza la wageni ni kupita dirisha moja na kudhani wamemaliza. Kabla ya kuondoka fungueni kila pasi mhesabu mihuri miwili. Vijana wanaokimbilia gari wakitaka kuwabadilishia hela au "kuwasaidia fomu" waambieni asante, na hela mbadilishe kwenye duka lenye leseni.

Nairobi tulikaa siku nne. Hifadhi ya Taifa iko pembeni kabisa mwa jiji, na watoto wetu, ambao wamekulia karibu na Ruaha wasiifike, walimwona faru kwa mara ya kwanza nyuma yake yakiwa maghorofa. Nimekuwa nikiona aibu kidogo kwa hilo.

Rusumo, au somo la kushika kulia

Rwanda unakwenda kwa Singida, Nzega, Kahama hadi Rusumo, daraja la mto Kagera. Ni safari ndefu, igaweni, mlale Kahama. Mambo matatu yanabadilika mkishavuka. Saa zinarudi nyuma kwa saa moja. Magari yanashika kulia, kwa hiyo kama unaendesha mwenyewe mwachie usukani aliyelala vizuri, na watoto wafundishwe upya kuvuka barabara, maana gari linatokea upande wasioutazama. Na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Toeni rambo zote kwenye mabegi kabla ya mpaka, pamoja na ile bibi aliyofungia kandambili.

Angalieni kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi za kijamii za nchi nzima, na asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano maduka yamefungwa na magari hayatembei. Sisi hatukujua. Tulikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni tukila karanga zetu, huku bibi akiuliza msiba ni wa nani.

Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, Kigali, walipozikwa zaidi ya watu 250,000, kuingia ni bure. Mtoto wa miaka 13 tulikwenda naye. Wadogo walibaki na baba yao bustanini. Kuna chumba cha picha za watoto waliouawa, na mtoto mdogo hana pa kukiweka kitu hicho kichwani.

Kusini: hakuna viza, lakini kuna baridi

Nchi nyingi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hazimdai Mtanzania viza, na Afrika Kusini ni mojawapo, hadi siku 90. Hapa ndipo cheti cha mtoto kinapokuwa na uzito. Mwaka 2015 Afrika Kusini ilianza kudai cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na mwaka 2019 ililegeza. Mimi bado navibeba, na mhudumu wa ndege aliviomba.

Likizo ya shule ya Juni ni kipupwe cha huko. Johannesburg usiku inakaribia sifuri, na nyumba nyingi hazina joto. Masweta ya mtumba ya Majengo yanatosha kabisa, nunueni kabla hamjaondoka.

Kama mnakwenda Cape Town kuona Robben Island, ambako Mandela alifungwa miaka 18 kati ya 27, fanyeni kitu kimoja wiki mbili kabla: wapelekeni watoto Kongwa. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini. Kuanzia miaka ya 1960 hapo palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia. Binti yetu alisimama ndani ya selo kule kisiwani, mwongoza wageni akataja Tanzania, naye akanyoosha mkono kama yuko darasani: "Sisi tunatoka karibu na Kongwa." Yule mzee aliacha kuzungumza, akaja kumshika mkono. Tiketi za boti zikatwe mapema, na ziwe za siku ya mwanzo ya ziara, kwa sababu bahari ikichafuka boti haziendi, na ukiwa na siku za akiba utahamishiwa. Mlima wa Meza nao ni hivyo hivyo, upepo ukivuma magari ya kamba yanayopandisha watu yanasimama.

Asia kwa kifupi

Singapore na Malaysia Mtanzania anaingia kwa matembezi bila viza. Zote mbili zinataka ujaze kadi ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure, kwa hiyo tovuti yoyote inayodai hela kwa kadi hiyo ni ya wajanja. Singapore usibebe bigijii, zimepigwa marufuku kuingizwa tangu 1992. Dubai viza yake huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala. Huko kuwa makini na dawa: zenye kodeini au tramadoli zinaweza kukuingiza matatani, hata kama ni za mgongo wa bibi. Beba cheti cha daktari na pakiti halisi.

Ulaya: hapa kaa chini, chukua kalamu

Viza ya Schengen moja inafungua nchi nyingi, lakini inaombwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Dirisha la maombi linafunguka miezi sita kabla ya safari na linafungwa siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, ila miadi yenyewe ndiyo adimu. Sisi kwa safari ya Desemba tulitafuta miadi Agosti.

Ada, tangu Juni 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima na kwa mtoto kuanzia miaka 12, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12, na chini ya 6 ni bure. Familia yetu: wazazi wawili na bibi ni 270, kijana wa miaka 14 ni 90, wa miaka 10 ni 45, wa mwisho bure. Jumla yuro 405, bila gharama za kituo cha kupokelea maombi, na hazirudi ukinyimwa. Alama za vidole huchukuliwa kwa kila mtu kuanzia miaka 12, na zinatunzwa miezi 59, kwa hiyo ukiomba tena ndani ya muda huo zinaweza kutumika zile zile. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na ibaki na kurasa mbili tupu.

Bima ya safari lazima ifike yuro 30,000 kwa kila mtu. Kampuni za hapa zinaitoa, na kwa mzee bei hupanda.

Sasa kiini chake. Ofisa anayesoma faili lako anajiuliza mambo mawili tu: hela ya safari ni yako kweli? Na mtarudi? Hoja ya pili ndiyo inayoangusha familia nyingi, kwa kuwa mnaondoka wote, hata bibi, na inaonekana kama mnahama. Kwa hiyo weka kila kinachowafunga Dodoma: barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara na siku ya kurudi kazini, barua za shule zenye tarehe ya kufungua Januari, hati ya nyumba, mikataba ya zabibu na mnunuzi, cheti cha ndoa. Taarifa ya benki iwe ya miezi isiyopungua mitatu, na ionyeshe maisha yako halisi. Milioni kumi zikitua wiki moja kabla ya kuomba, zikitoka kwa shemeji, zinakuharibia kuliko kukusaidia. Tuliwahi kunyimwa mara moja kwa sababu hiyo hiyo, na wakala aliyetushauri tukope tuweke, simu yake haikupatikana tena. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika.

Tiketi usilipie kabla ya viza. Weka oda tu yenye tarehe na namba. Anayekwambia lazima ulipe kwanza anataka kamisheni yake.

Na siku ya miadi iko Dar. Ombeni miadi ya saa za mchana, mpande treni ya umeme asubuhi na kurudi jioni, kulala Dar na watu sita ni gharama isiyo ya lazima. Nauli ya daraja la kawaida ya Dodoma hadi Dar iliyotangazwa treni ilipoanza 2024 ni 31,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake.

Berlin mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Ratiba ya mambo mawili kwa siku ni tele. Tulikwenda kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe kwa sababu moja, mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini. Imesimamishwa ukumbini, kimo chake mita 13 na zaidi. Watoto walinyamaza. Bibi, kanga imefungwa juu ya koti, aliinua shingo taratibu mpaka kilemba kikalegea, akauliza kwa sauti ambayo Mswahili yeyote mle ndani angeisikia: "Na huyu viza alipewa na nani?"

Saa ya tiketi

Sehemu hii isome mara mbili, maana ndiyo iliyotugharimu zaidi ya zote.

Tiketi yetu ya Johannesburg iliandikwa tarehe 15, 03:45. Sisi Waswahili usiku tunauhesabu kwa namna yetu, na mtu akisema "tarehe 15 usiku" tunaelewa jua la tarehe 15 litue kwanza. Tulifika uwanjani tarehe 15 jioni, tumependeza, watoto na mabegi yao ya mgongoni. Binti wa kaunta alitazama karatasi, akatutazama, akaita mwenzake. Ndege ilikuwa imeondoka alfajiri ya siku hiyo hiyo, saa tisa na dakika 45 usiku wa kuamkia tarehe 15. Faini ya kubadilisha tiketi sita ilimaliza mavuno ya mwaka mmoja.

Tangu hapo tunafanya hivi. Kila tiketi inaandikwa upya kwa mkono kwenye karatasi ya jokofu, kwa Kiswahili kamili: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kuondoka nyumbani Jumanne saa sita mchana." Hesabu inaanzia kwenye ndege kurudi nyuma. Ndege saa tisa na dakika 45 usiku, kuwa uwanjani saa sita na nusu, kwa hiyo Dar mfike mapema jioni, kwa hiyo treni ya mchana kutoka Dodoma. Safari ya treni ni kama saa nne, na acha nafasi ya kuchelewa. Ndege za nje hutumia jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019. Mwambie dereva hivyo tangu mwanzo, kwa sababu jengo la pili si jirani wa kutembea na mabegi. Uwanja mpya wa Msalato, hapa Dodoma, ukishaanza kupokea ndege za mbali aya hii nitaifuta kwa furaha.

Basi la usiku kutoka stendi ya Nanenane kwenda kuwahi ndege ya asubuhi, mimi siliafiki. Lori moja likilala Gairo, umekwisha.

Mabegi na tumbo

Begi moja kwa watu wawili, na kila begi liwe na nguo kidogo za kila mtu, ili moja likipotea asibaki mtu na kaptula tu. Vimiminika kwenye begi la mkononi mwisho mililita 100 kwa chupa. Mafuta ya nazi ya nywele za watoto nayo ni kimiminika, bishaneni mtakavyo.

Chakula cha zawadi, ubuyu, karanga na zabibu kavu za hapa, kifungashwe kiwandani na kiwe na lebo. Nyama, maziwa na samli usipeleke Ulaya. Asali ya Manyoni, nzuri kama ilivyo, Afrika Kusini wataichukua. Mlenda mkavu wa bibi, unga wa kijani ndani ya kopo la maziwa ya unga, ulitusimamisha robo saa. Tangu siku hiyo unasafiri kwenye mfuko unaoonyesha ndani, umeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni mboga ya majani iliyokaushwa, na kama fomu ya forodha inauliza chakula, tunatia alama ya ndiyo. Anayesema ukweli kwenye fomu hupoteza kopo. Anayeficha hulipa faini.

Fedha taslimu zikifika dola 10,000 lazima utangaze, ila nadhani hilo halituhusu wengi. Laini ya Tanzania ibaki hewani hata kwa ujumbe tu, kwani namba za siri za benki zinakuja huko.

Mkisharudi

Dodoma malaria ni kidogo, na kwa hiyo watoto wetu hawajaizoea. Wakitoka Uganda au pwani wakapata homa ndani ya wiki chache, pimeni siku hiyo hiyo. Na mkiwa Ulaya mtoto akichemka, mwambieni daktari mnatoka Tanzania kabla hajauliza, wengine hawaifikirii.

Pasi zote zirudi kwenye bahasha moja pamoja na kadi za chanjo na vyeti. Juu ya bahasha andika tarehe ya mwisho ya kila pasi, kisha toa miezi sita, kwa kuwa nchi nyingi zinadai muda huo ubaki. Hiyo ndiyo tarehe yako halisi. Yetu iko juu ya kabati, na juu yake kuna kopo tupu la maziwa ya unga ambalo bibi amekataa litupwe. Anasema la safari ya Lusaka litajazwa mvua zikinyesha.